Mama Ilse Wekesa na Picha Aliyoikubali

Mama yetu mpendwa, Ilse Rosental Wekesa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1929 mjini Leipzig, Ujerumani, mtoto wa pekee wa fundi cherehani Myahudi na mkewe.

Alianza shule mwaka 1935, Wanazi wakiwa wameshashika redio, magazeti, hata vitabu vya watoto. Mwaka 1937 mpiga picha aliingia darasani akamchagua yeye. Ilse, maskini, akadhani ni heshima. Alikimbia nyumbani kumwambia mama yake kwamba nywele alizomsuka zimependeza. Baadaye picha ile ikabandikwa kwenye ubao wa gazeti la Wanazi mtaani, na chini yake maneno: “Hii ndiyo sumu yetu.” Mtoto wa miaka minane, jamani! Majirani waliomjua tangu kuzaliwa wakawa wakimwona wanavuka barabara. Novemba 1938 duka la baba yake lilivunjwa. Mwaka uliofuata akapandishwa treni ya kuwaokoa watoto wa Kiyahudi kwenda Uingereza. Wazazi wake waliuawa mwaka 1942, na hawana kaburi.

Alisomea uuguzi Manchester, akakutana huko na mwanafunzi wa ualimu, Mzee Laban Wekesa. Walifunga ndoa mwaka 1960. Katika picha ya arusi shada la maua limemfunika uso wote; watu walicheka wakasema bibi arusi ana haya. Wakahamia kwao Mzee, Bungoma, Kenya, na huko Mama alikuwa mkunga kwa miaka mingi, mkali kweli: ukimcheleweshea maji ya moto, utamjua. Lakini ikitolewa kamera, mbio jikoni, kukoroga sufuria tupu.

Mzee alipofariki, Mama alihamia Quakers Hill, nchini Australia, mwaka 2001 kuishi na mwanawe Barasa na mkewe Peninah. Saratani ya mifupa iligunduliwa mwaka 2013. Akaanza kupanga mazishi yake mwenyewe, akakataza picha katika programu. Peninah, aliyemuuguza, alilia.

“Mama, kwetu mtu hazikwi bila uso wake. Watu watasema tulikuficha.”

“Uso wangu ulishabandikwa, Peninah. Inatosha.”

Hapo ndipo alipomsimulia habari ya ubao ule, mara ya kwanza kwa yeyote wa nyumba hii. Peninah hakumwomba tena. Ila Julai 2014, asubuhi moja akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, Mama alimwita.

“Haya, leta simu. Piga. Lakini chini yake andika jina langu, basi. Wale hawakuliandika.”

Peninah alianza kupiga akiwa ameinama nusu. “Simama vizuri,” Mama akafoka, “utanikata kichwa!” Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Mama alifariki nyumbani tarehe 17 Agosti 2014, akiwa na miaka 85. Ameacha mwana, Barasa, mkaza mwana, Peninah, mjukuu, Shirleen, na watu wengi Bungoma waliozaliwa mikononi mwake.

Picha ndiyo hiyo, juu ya programu mliyoshika. Tulisome jina lililo chini yake, sote, kwa sauti, ndipo tumwache Mama apumzike kwa amani.