Vijiwe vya Ukuta wa Wangwe

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu leo haifiki mlangoni. Arasa, wewe mkubwa, kaa hapo kwenye kigoda nikuone uso. Mokaya, zima hiyo redio. Moraa, mlango wa jikoni uache wazi hivyo hivyo, na mgeni uliyemkaribisha huko aendelee kukaa. Arasa, usigeuze shingo, utamjua baadaye. Nimewaita leo Sabato, mmetoka kanisani na hakuna anayeshika kazi, kwa sababu kesho Jumapili lile lori ulilokodi linakuja kupakia mawe makubwa ya ukuta kule juu, nami lazima niseme kabla halijawasha injini.

Nilitoka Kisii mwaka wa sabini na tisa, mama yenu Nyasuguta ana mimba yako, Arasa, nikaenda naye Macalder kutafuta dhahabu pamoja na wapumbavu wengine. Nilikaa miezi minane nimeinama mtoni nikiosha mchanga kwenye karai, na dhahabu niliyopata haikujaza ukucha wa kidole hiki. Mama yenu alikuwa anatafuna odowa, yale mawe laini ya udongo wanayopenda wajawazito, anajichimbia mwenyewe kwenye ukingo. Nikaona wenzake wanakuja kumwomba. Nikajaza gunia, nikalipeleka Awendo siku ya soko, likaisha kabla ya saa sita. Kitu kilichokuwa chini ya miguu yangu, kisicho na mwenyewe, watu wamekitolea pesa mfukoni. Siku hiyo akili yangu ilifunguka, au iliharibika, mtasema wenyewe.

Tangu hapo sikuuza kitu nilichokinunua. Niliwapelekea wanawake wa Kikuria kule mpakani mawe ya kusagia wimbi, niliyoyaokota njiani na kuyachonga kidogo tu. Nilikwenda Kisegi nikawauzia wavuvi mawe ya ufuo wao wenyewe, ya kuzamishia nyavu, na wakanunua, kwa sababu mimi niliyachagua yakalingana uzito na wao hawakuwa na nafasi. Bwana mmoja wa Nairobi alinunua kwangu jiwe linalometameta. Sikumwambia ni dhahabu. Nilinyamaza tu, nikamwacha aamini anachotaka. Mlizoea kunicheka nikisimulia hayo, na mimi nilijivuna, nikasema Mkisii hawezi kulala njaa penye mawe. Lakini sikilizeni vizuri, wanangu: kunyamaza kule ndiko kulikonilisha, na ndiko kunakonikaba sasa kuliko hili vumbi la kifuani.

Sasa niwaambie habari ya Wangwe, mume wa Benta, huyu mnayemwita Mama Levis. Mlimjua tangu mkiwa wadogo, lakini hamjui alichonifanyia. Nilikuja hapa kwao Nyatike sina ndugu, sina hata mbuzi, nazungumza Kijaluo cha kuombea maji tu. Aliniangalia, akaniangalia tena, akasema, "Omera, ndugu yangu, jenga hapa." Akanionyesha kuanzia ule mti wa siala hadi kijito. Hakuniuzia. Mimi ni jadak hapa, mgeni aliyepewa mahali pa kukaa, na nyinyi ni watoto wa jadak, msijidanganye kwa sababu nyumba ina mabati. Mama yenu alipofariki mwaka wa tisini na nne, ndugu zake Wangwe walikuja wamekasirika, wakasema mgeni akizika hapa kesho atadai ardhi, mpeleke mtu wako Kisii. Wangwe alisimama katikati yetu akawaambia, "Huyu mama amewapikia watoto wangu. Atalala hapa." Ndiyo sababu kaburi la mama yenu liko pale nje, mnalipita kila siku mkienda kuchota maji.

Mtu huyo aliniomba kitu kimoja tu. Kule juu ya mteremko kuna ule ukuta wa mawe wa watu wa kale, ambao Wajaluo wanauita ohinga, hauna saruji wala udongo, jiwe limekaa juu ya jiwe. Babu yake alimwambia ndio unaoshika kilima kisiwashukie. Akanipandisha huko akaniambia, "Mosoti, najua kazi yako. Mawe yaliyolala shambani chukua yote, unanisaidia kulima. Ukuta usiuguse." Nikamjibu sawa. Nilimpa mkono.

Mwaka wa tisini na sita kifua kilianza. Nilikuwa nagonga kokoto kutwa, jioni natema mate meusi, na mkandarasi wa zile nyumba za maduka anataka lori mbili kwa wiki. Nikapanda ukutani siku moja kupumzika kivulini. Nikaona jinsi wale wazee walivyojenga. Kati ya mawe makubwa wameshindilia vijiwe vidogo, kila upenyo na kijiwe chake, vya saizi ya yai, vya saizi ya ngumi. Kokoto tayari, hazihitaji nyundo. Nikachomoa kimoja, ukuta haukutikisika. Nikachomoa cha pili. Nilijiambia mawe makubwa ndiyo ukuta, haya ni uchafu tu wa katikati. Mimi, niliyeshika mawe miaka kumi na saba, nilijiambia hivyo.

Nilichomoa karibu mwaka mzima. Upande wa chini, unaoonekana kutoka kwao, sikuugusa. Nilipitia upande wa nyuma, natoa kwa ndoana ya chuma, na ukitazama kutoka njiani utasema ukuta ni ule ule. Wangwe alinikuta nikishuka na gunia, akanisaidia kulitua. Aliniuliza, "Shamba bado lina mawe?" Nikasema bado. Nilimdanganya akiwa ameshika gunia lenyewe, Mungu wangu.

Nipe maji, Moraa. Kidogo. Basi.

Ile mvua ya mwaka juzi, ile waliyoiita El Nino, mnaikumbuka. Siku ya nne, saa nne asubuhi, Wangwe alikuwa zizini anamtoa ndama aliyekwama kwenye tope. Nilisikia kishindo cha ukuta ukishuka zizini, nikajua kabla ya kupigwa ukemi. Wengine walikimbia wakiuliza ni nini, mimi nilikimbia nikijua. Tulimchimbua kwa mikono, mimi na Levis mwanawe, na mawe niliyokuwa nayaondoa juu yake nilikuwa nayajua moja moja. Watu wote walisema ni mvua. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Naibu wa chifu aliandika kwenye karatasi, mvua. Nikanyamaza.

Na bado sijafika penye ubaya wenyewe. Siku ya matanga, walipotaka kulisakafia kaburi, nilisimama mbele ya watu wote nikasema kokoto ni juu yangu, yule alikuwa ndugu yangu. Nilikuwa na rundo moja pale nyuma ya choo lisilouzwa. Ni vijiwe vya ukuta wake. Vimo kwenye kaburi lake mpaka leo, chini ya saruji, na Mama Levis alinishika mikono miwili akanishukuru, akalia begani kwangu. Tangu siku hiyo sijaweza kula kwake. Mliona nakataa, mkadhani ni ugonjwa.

Sasa amri zangu. Arasa, umemwambia Mama Levis unamsaidia kuondoa hatari, umpunguzie mawe yaliyobaki bila kumtoza, huku umeshayauza kwa watu wanaojenga barabara. Usiniangalie hivyo, naijua sauti hiyo, ni yangu. Ile nusu iliyosimama haina vijiwe, nimeitoboa yote, na nyumba mpya ya Levis iko chini yake pamoja na mke na mtoto. Vijana wako wakivuta jiwe moja, mengine yanashuka. Lori lirudi lilikotoka. Rudisha pesa ya watu. Kama umeitumia, uza ng'ombe wangu yule mwekundu. Leo hii, jua halijazama, mmwambie Levis ahamishe watu wake, waje walale nyumba hii, na nyinyi mkalale jikoni. Mungu hatawahesabia Sabato kwa hilo. Halafu mrudi mkajaze ule ukuta. Kijiwe kwa kijiwe, Mokaya, usiniletee mambo ya saruji. Mvitafute mteremko wote, mwende hadi mtoni, mkivikosa mgonge vingine, hata ichukue miaka. Hakuna mtu atakayewalipa.

Ardhi hii si yangu kuwagawia. Nyumba, mabati, karai na nyundo ni vyenu. Mahali ni pa Benta, akisema ondokeni mtaondoka, na hamtakwenda kwa chifu, wala kwa wakili, wala kwa mzee yeyote wa kanisa kulalamika.

Moraa, mlete sasa.

Karibu, Mama Levis. Nilimwomba huyu binti akuite mapema akukalishe karibu na mlango, kwa sababu nilijua nikikuona uso nitanyamaza tena. Umesikia yote. Sina la kuongeza. Kijiwe hiki hapa nilikichomoa cha kwanza, sikukiuza, hata sijui kwa nini. Kimekaa chini ya mto wangu tangu tumzike. Shika. Sikuombi unisamehe, nakuomba jambo lingine, na ukikataa utakuwa umefanya haki. Nataka kulala kando ya Nyasuguta. Ni Wangwe aliyemkaribisha yeye. Mimi hakuna aliyebaki wa kunikaribisha isipokuwa wewe.

Mpisheni. Levis, mshike mama yako... ah, Levis hayupo. Moraa, mshike. Hapana, hataki kushikwa. Mwacheni. Amekichukua kijiwe, mmeona? Amekwenda nacho upande gani? Kwa Levis. Vizuri. Mokaya, mfuate ukabebe vitanda vyao, usimsemeshe.

Arasa, njoo karibu, sauti inakwisha. Nikifa msitangaze kifo kwanza. Msichimbe. Mngojeni Mama Levis asubuhi moja tu. Akitokea akasimama pale kwenye kaburi la mama yenu, akawaonyesha mahali kwa mkono, chimbeni hapo, mnifunike udongo mtupu, jiwe lolote lisinikaribie. Asipotokea, kodini gari mnipeleke Kisii kwa watu wasionijua, na mama yenu mumweleze nyinyi kwa nini sikuja. Msiende kumbembeleza. Mmesikia?

Wekeni mikono yenu hapa, yote. Hii ni ya nani... Moraa. Nyasae, Mungu wetu, awape vifua vizima. Awape kula mlichokilima. Awape midomo... midomo ya kusema mapema, kabla haijawa... Arasa, tazama nje. Mama Levis yuko wapi? Tazama tena.