Kichwa cha Sitini Bwawani

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mwanamke tuliyemwita Mama Orodha. Alikuwa katibu wa klabu ya kuogelea kwa miaka kumi na moja. Ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na tatu. Nasema kwa uchungu, maana bila yeye mtangazaji wenu huyu angekuwa anaogopa hata beseni.

Mama Orodha alikuwa mpiga chapa mstaafu. Aliingia klabuni kwa ajili ya bintiye, aliyekuwa akiogelea pale. Binti akaolewa, akahama. Mama akabaki na rejesta ya wanachama, ndipo akaitwa Mama Orodha.

Mwaka juzi mambo yakaharibika. Msimamizi wa bwawa aliipa klabu wiki sita tu. Wanachama wafike sitini, la sivyo saa zao wapewe wengine. Na hakutaka majina ya karatasini, alishawahi kudanganywa. "Nitahesabu vichwa majini," alisema. "Ijumaa ya mwisho, saa kumi jioni." Vichwa sitini, wasikilizaji. Klabu ilikuwa na thelathini na kimoja.

Hapo Mama Orodha akaja na wazo. Kila mwanachama apewe blogu yake kwenye tovuti ya klabu, aandike yanayomkuta bwawani, watu wasome wavutiwe. Akawaahidi jambo moja: hakuna atakayefutiwa neno lake.

Basi, mwenyekiti akaandika kurasa tatu za kujisifu. Fundi bomba akaweka picha za tumbo lake, kila wiki tumbo lile lile, akiapa kwamba linapungua. Wiki tatu zikapita. Wakaja watu wanne.

Kisha muuguzi mmoja akaandika: "Nina miezi mitatu hapa na bado naogopa maji. Jana nimelia bwawani."

Mwenyekiti akapandwa na hasira. Binti wa Mama Orodha alikuwa amekuja kumsalimia mama yake asubuhi hiyo. Anakumbuka: "Mwenyekiti alipiga simu, hata salamu hakutoa. 'Futa sasa hivi! Huyo anatufukuzia watu! Usipofuta hadi jioni, uachie ukatibu.' Mama akamjibu, 'Mwenyekiti, mimi niliwaahidi watu.' Akakata simu."

Hakufuta. Badala yake alifungua blogu yake mwenyewe, aliyopewa kama katibu, ambayo haikuwa na hata mstari mmoja. Akaandika: "Mimi ni katibu wa klabu ya kuogelea na sijui kuogelea. Sijawahi kulowesha hata vidole vya miguu. Sikuwahi kuzama, wala sikufiwa na mtu majini. Naogopa tu. Kama nawe unaogopa, njoo."

Tukaja. Waoga tulikuwa wengi kuliko mnavyodhani! Alikuja mwalimu. Alikuja muuza nyama mwenye kifua kama kabati, akishika ukingo kwa mikono miwili. Nikaja na mimi. Mwenyekiti alipoona fomu zinajaa, habari ya ukatibu hakuigusa tena.

Ijumaa ikafika. Saa kumi jioni sote tumo majini. Msimamizi anazunguka ukingoni, anatuhesabu kwa kidole.

"Hamsini na tisa."

Akarudia. Hamsini na tisa. Seremala wetu alikuwa ametoka mbio, mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Jamani, tumepungukiwa na mmoja! Msimamizi akatazama saa yake, akafunga daftari.

"Subiri, baba," ikasikika sauti kutoka kwenye benchi.

Mama Orodha alikuwa katibu, lakini hakuwahi kujiandikisha uanachama. Akaandika jina lake. Akavua viatu. Akashuka ngazi na gauni lake, anasema kwa sauti, "Naogopa. Naogopa. Naogopa." Muuguzi akampa mkono. Maji yakamfika kifuani. Meno yake yalikuwa yanagongana, niliyasikia.

"Sitini," alisema msimamizi.

Klabu ipo hadi leo. Mama Orodha hakujifunza kuogelea. Alikuwa akishuka kila Ijumaa hadi kifuani, anatetemeka, anapanda.

Tunatoa pole kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa wanachama wote. Mungu awape subira. Nawe unayenisikiliza, usimzibe mdomo mwenye hofu ili wenzako waonekane hodari. Na kama mwenye hofu ni wewe, mwambie mtu leo. Sisi tulimsikia mama wa miaka sitini na moja akitamka hofu yake mara tatu, mbele ya watu hamsini na tisa. Hakuna aliyecheka.