Bwana Utando na Chupa Isiyo na Chumvi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu wa biolojia aliyezikwa Jumamosi. Wanafunzi walimwita Bwana Utando. Mjane wake ametuomba tuseme yote, nasi tutayasema yote.

Kila muhula alidondosha tone la damu kwenye maji matupu. "Tazameni, wanangu. Chembe ya damu imevaa utando wa mafuta wenye vichwa vya fosforasi. Vichwa vinapenda maji, mikia ya mafuta inayakimbia. Basi hujipanga safu mbili, mikia ikijificha katikati. Nguo yake ndiyo hiyo tu! Maji yasiyo na chumvi yakiingia, inavimba, inapasuka." Mara nyingi tone lilimwangukia mezani, darasa likacheka. Walidhani ni uzee. Haukuwa uzee.

Kabla ya ualimu alitengeneza maji ya dripu hospitalini. Chumvi hupimwa, huyeyushwa, ndipo chupa hubandikwa lebo. Siku moja kazi ilimzidi, akabandika lebo kwanza. Chupa moja ikatoka bila chumvi. Lebo safi kabisa, wasikilizaji, na ndani maji matupu.

Yakamwingia mama mmoja mshipani. Kufika adhuhuri mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Kesho yake akafariki. Mkubwa wa kazi akamwambia fundi huyo, mwalimu wetu wa baadaye, "Tumeandika amekufa kwa homa. Wewe funga mdomo." Akaufunga.

Mjane anasema: "Anakula vizuri tu, mara anasukuma sahani. 'Mama watoto, husikii mtu anabisha hodi?' Nafungua mlango, hakuna mtu. Miaka thelathini na sita nafungua mlango, jamani."

Yule mama aliyefariki hospitalini aliacha binti. Bwana Utando alimtafuta mpaka viatu vikaisha soli. Nyumba yao ilikuwa imebomolewa, majirani wametawanyika.

Tunaipa pole familia ya mwalimu. Nawe unayetusikiliza, jiulize ni nani unayemficha jambo lililo haki yake kulijua. Mimi mwenyewe nimejiuliza wiki nzima, na sikulala vizuri.

Pole ya pili ni yako, dada, binti wa mama yule, popote ulipo. Ulikuwa na miaka minne. Uliletwa wodini nywele zimesukwa upande mmoja, kwa sababu mama aliugua kabla hajamaliza. Uliambiwa ni homa. Haikuwa homa. Homa ilikuwa imeshashuka, dada. Mama yako alikuwa anarudi nyumbani.