Jedida Pola Mangi, Aliyeishi Katika Miili Miwili (1996–2025)

Jedida Pola Mangi alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1996, huko Kakuyuni, akiwa kifungua mimba wa Mzee Mangi Sanga, fundi seremala, na Mama Easter. Hakungoja hospitali. Mama yake alikuwa bado anatafuta viatu vya kwendea Malindi, mtoto akatoka. Jina la Pola alipewa la bibi yake mzaa baba, ambaye alimpakata, akampima kwa mikono, akasema, “Huyu amekuja na mizigo yake.” Watu wakacheka kwa furaha, maana mtoto mnene kwetu ni baraka inayoonekana kwa macho. Kwa miaka yake ya kwanza Pola hakutembea sana. Alibebwa, akapokezanwa kutoka kiuno hiki hadi kile, na kila aliyembeba alijisifu kuwa ana nguvu.

Masomo yake ya msingi aliyapata karibu na nyumbani, kuanzia mwaka 2003 hadi 2010. Alipenda hesabu na kuimba, naye alikuwa na sauti ya chini, tulivu, iliyowafanya watu wageuke kutafuta mtu mzima aliyekuwa akisema. Mwaka 2008, akiwa darasa la sita, wanafunzi walipelekwa Marafa kuona korongo la Nyari. Wenzake waliteremka kwenye yale magenge mekundu, naye akaambiwa abaki juu alinde sufuria za pilau, kwa kuwa njia ni nyembamba na mwalimu aliogopa. Alikaa pale saa mbili akisikiliza sauti za wenzake zikipanda kutoka chini kana kwamba ardhi yenyewe ilikuwa ikicheza. Aliporudi nyumbani aliulizwa Nyari palikuwaje. Akajibu, “Pazuri sana,” akaeleza kila pango na kila rangi, na hakuna aliyejua kuwa hakufika. Siri hiyo alimwambia mdogo wake Linet, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, baada ya miaka kumi.

Shule ya upili aliimaliza mwaka 2014. Kufikia hapo uzani wake ulikuwa kilo mia moja na arobaini na nane. Baba alimtengenezea kiti cha mvule, kipana, akakipiga msasa mpaka kikang’aa. Lakini magoti yalikuwa yakimuuma, pumzi ilimkatika akipanda kilima cha kisimani, na akiwa na miaka kumi na minane daktari alimwambia ana sukari. Bibi yake mmoja alikuwa amekatwa mguu kwa sukari. Pola aliuangalia mguu wake kwa siku nyingi.

Mwaka 2015 alikuja likizo shangazi yake, Bi Hannah, aliyekuwa akiishi Italia akiwatunza wazee. Ndiye aliyeleta habari za upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Mazungumzo yalifanyika ukumbini, mchana, familia nzima ikiwapo. Mama Easter alikataa kabisa. “Tumbo si kanga, wifi,” alimwambia Hannah, “ulikate kisha ulipinde!” Shangazi akasema kuwa anampenda mtoto huyu na hataki kumzika. Baba aliwasikiliza wote, kisha akasema, “Mwenye mwili yupo hapa. Muulizeni.” Pola akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Baadaye alisema kuwa alijibu kama mtu anayeuona mlango unafungwa, akauwahi bila kutazama ni wa nyumba gani.

Alipasuliwa Nairobi tarehe 9 Machi 2016, akiwa na miaka kumi na tisa. Sehemu kubwa ya tumbo lake iliondolewa, na kazi ile haina kurudishwa. Kwa mwaka mmoja na nusu mwili wake uliyeyuka hadi kilo sabini na sita. Sukari ilishuka. Magoti yalinyamaza. Hayo yote ni kweli, naye aliyasema kwa shukrani.

Lakini familia iliona ni haki kusema na lile jingine, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa uongo. Pola hakuwa na furaha. Nywele zilimtoka. Ngozi ilimning’inia mikononi na tumboni kama nguo ya mtu mwingine. Akipewa sima kwenye hafla, akala matonge mawili akaacha, mwenyeji hukasirika: “Kwani chakula chetu kina nini?” Majirani walimwona akipungua wakanong’ona kuwa ana ugonjwa, na mmoja alimletea mama dawa za mitishamba kwa siri. Wanaume ambao hawakuwahi kumsalimu sasa walimsalimu mara mbili, naye akawachukia kwa hilo.

Kisha zikaja zile ndoto. Zilimjia mchana, katika usingizi wa baada ya adhuhuri, upepo wa kusi ukitikisa pazia. Alijiona anaingia jikoni kwa marehemu bibi Pola, na pale penye mafiga ameketi msichana mkubwa, mgongo wake mpana kama mlango, anakula sima na mchicha wa nazi polepole. Pola hujua mara moja ni nani. Msichana yule hugeuka bila hasira, kinywa kimeng’aa mafuta, akamwambia, “Ulinitoa bila kuniaga.” Hapo huamka, hukuta uso umelowa, na hewa ya chumbani ina harufu ya nazi hata kama siku hiyo hakuna aliyekuna.

Alimuuliza Linet, “Nilikuwa mtoto. Kwani mtoto anaweza kutia sahihi ya kitu kisichorudi?” Swali hilo Pola alilielekeza kwa shangazi yake pia, kwa kunyamaza. Kwa karibu mwaka mzima simu za kutoka Italia ziliita Kakuyuni, naye hakuzipokea.

Mwezi wa Agosti 2018, vijana wa kanisa walikwenda Marafa. Pola aliteremka Nyari kwa miguu yake. Walipofika chini, wenzake walipiga picha na kuimba. Yeye alisimama peke yake, akainua uso kutazama ukingo wa juu, akalia. Aliyekuwa akiwaongoza siku hiyo ni kijana wa Marafa aitwaye Kiponda Kaingu. Alimsogelea akamuuliza, “Mbona walia, dada? Umeumia?”

“Hapana. Kuna mtu nimemwacha juu.”

Kiponda hakuuliza ni nani. Alipanda genge lote lile, jua la saa saba likimwangukia kichwani, akazunguka kule juu akitafuta, kisha akarudi huku akihema. “Dada,” alisema, “huko juu nimekuta mbuzi wawili tu. Hakuna mtu.”

Pola alicheka mpaka akaketi chini, na kwa kuwa amemtaabisha ikabidi amweleze: msichana wa darasa la sita, sufuria za pilau, kilo, kisu. Kiponda alisikiliza yote. Akasema, “Basi ameshashuka.”

Neno hilo Pola alirudi nalo Kakuyuni. Hakusema limemponya. Alisema ni la kwanza lililomfaa.

Tangu mwaka 2017 alikuwa akijifunza mapishi katika chuo kimoja mjini Malindi, jambo lililowashangaza wengi. Mtu ashibaye kwa vijiko vitano anataka nini jikoni? Mwaka 2019 aliajiriwa katika hoteli ndogo ya Kasuarina, akawa mpishi anayetegemewa. Alionja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akajua mara moja kimepungua nini. Alisema kwamba zamani alikula haraka sana hata hakukisikia chakula, na sasa kila tone lina maneno. Siku nyingine alisema kinyume chake: kwamba angetoa chochote ale sahani moja nzima ya wali wa nazi, bila kuhesabu, bila kuogopa. Yote mawili aliyasema kwa dhati, na pengine kwa siku moja.

Corona ilipofunga hoteli mwaka 2020, alirudi nyumbani. Miezi ile ndiyo iliyompatanisha na mama yake. Mama Easter alikuwa bado anampakulia mlima wa chakula, kisha anaumia ukirudi karibu mzima. Asubuhi moja alimwekea mbele kisahani cha kikombe cha chai: mbaazi kiasi cha konzi ya mtoto, na hamri moja iliyokatwa vipande vinne. Pola alikula, akamaliza. Mama akakitazama kile kisahani kitupu. “Umemaliza,” alisema. “Nimemaliza, mama, na kilikuwa kitamu.” Mama akaingia ndani kujifuta macho kwa leso.

Pola na Kiponda walifunga ndoa kanisani Kakuyuni, Jumamosi tarehe 11 Desemba 2021, wakaishi Malindi. Mwaka 2023 alibeba mimba, na wakati ule ndoto ilimjia tena. Safari hii msichana wa jikoni alijisogeza akampisha kwenye mkeka, naye akaketi, wakala sahani moja, mmoja tonge kubwa na mwingine tonge dogo. Haikumjia tena.

Mtoto wa kike alizaliwa tarehe 2 Oktoba 2023. Kwa desturi jina lilikuwa la mamake Kiponda, lakini Pola alikwenda kwa mavyaa wake, akapiga magoti, akaomba jina lile lingoje mtoto wa pili. Mama mkwe alikubali. Ndipo Pola akapiga simu Italia. “Shangazi, shikamoo. Umezaliwa Jumatatu saa nne asubuhi, una kilo tatu na nusu.” Bi Hannah hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa, wakasikilizana wakilia tu mpaka muda wa simu ukaisha.

Hotelini alifanya kazi na binti wa Mambrui, Afiya, ambaye naye alisumbuliwa na uzani na alitaka apasuliwe kama yeye. Alimuuliza kama anajuta. Pola alimfunulia tumbo, akamwonyesha ngozi na makovu. Akamweleza sukari iliyoshuka, vidonge vya kila siku, nywele, ndoto, na ile raha ya kupanda ngazi bila kusimama. “Siwezi kukwambia nenda wala usiende,” alisema. “Lakini wakikuuliza, usijibu siku hiyohiyo. Nenda ukalale, ukamuulize na huyo utakayemwacha.” Afiya yupo nasi hapa leo. Anasema bado anamuuliza.

Mwezi wa Februari 2025 Pola alianza kuchoka na kutokwa na damu kwenye fizi. Alipimwa Malindi, akapelekwa Mombasa, ikaonekana ni saratani ya damu. Wengi wamejiuliza, na wengine wameuliza kwa sauti, kama ni kile kisu cha ujana kilichomuua. Mama Easter aliliuliza swali hilo mwenyewe, uso kwa uso, na daktari alimjibu kwamba hapana, ugonjwa huu haukutokana na upasuaji ule. Familia inaomba jibu hilo litoshe, na liende nanyi majumbani.

Bi Hannah alifika kutoka Italia mwezi wa Mei. Alikaa kando ya kitanda, akakishika kile kiganja kilichobaki mifupa. “Mwanangu,” alisema, “ni mimi niliyekupeleka.”

“Shangazi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu.”

“Ulikuwa mtoto.”

“Nilikuwa mdogo, ndiyo,” Pola alisema. “Yule mdogo nimeshamsamehe. Nawe msamehe, kisha ujisamehe, maana mimi nimechoka kuwabeba nyote wawili.” Akatabasamu. Akaongeza, “Miaka tisa nimetembea bila maumivu ya magoti. Sijui ningeishi vipi kwa njia nyingine. Hivi ndivyo nilivyoishi, na niliishi.”

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Kiponda akimsomea majina ya vyakula ambavyo Pola alikuwa ameviandika ili ampikie mtoto akikua. Kiponda alikuwa amefika kwenye samaki wa kupaka. Pola alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, tunamlaza hapa Kakuyuni. Amewaacha wazazi wake, Mzee Mangi Sanga na Mama Easter. Mumewe, Kiponda Kaingu. Mdogo wake, Linet. Shangazi yake, Bi Hannah. Mavyaa wake wa Marafa na ukoo mzima. Wenzake wa jikoni, na wote waliokula mkononi mwake. Amemwacha pia binti yake, Hannah mdogo, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, ambaye asubuhi ya leo, katikati ya vilio, amekula bakuli lote la uji, akalinyoosha na kuomba jingine. Akapewa, na nyumba nzima ikamtazama akila.

Mungu ampe Pola pumziko lisilo na swali, katika amani yake.