Malimau ya Buluu ya Mzee Breki

Alasiri ile benchi la mbele ya duka la mikate, pale Friedrichstadt mjini Dresden, lilikuwa limejaa, na hakuna aliyekubali kusogea. Mzee Ottokar, dereva mstaafu wa tramu ambaye mtaa mzima unamwita Breki, alikuwa amesimamisha picha juu ya meza ya kahawa. Maua mekundu yanagombana, mapeasi ya kijani, malimau ya buluu, meza imepinda utadhani inataka kumwaga vyote. Yeye na mkewe waliachiwa picha hiyo na mpangaji wao, kijana mchoraji, alipohamia Berlin. Breki aliicheka mara moja tu, mkewe Walburga akanuna: “Utanisemesha siku utakapoijua picha hii.” Leo siku ya tatu, hata “karibu chakula” haambiwi. Nyumba ilikuwa imemshinda, maskini.

— Jamani, nisaidieni. Limau na buluu wapi na wapi?

— Njano ilimwishia — alisema Wembe, kinyozi. — Akaona potelea mbali.

— Acha fiksi! Njano si hiyo hapo kwenye kitambaa? — akadakia Mama Achari, muuza matango ya siki. — Kijana alichora kalewa. Ona meza ilivyopinda!

— Mama, umechemsha — alisema Wembe. — Hii ni ramani. Mapeasi ni vituo vya tramu. Maua ni polisi.

— Polisi?

— Sura nyekundu, wamesimama tu, kazi hawana.

Breki alicheka, kisha akakumbuka nyumbani.

— Ndiyo nikamwambie Walburga hivyo?

— Mwambie malimau ni wewe — alisema Mama Achari. — Miaka thelathini uko mezani kwake, mchachu, baridi imekupiga mpaka umekuwa buluu!

Benchi zima likaangua kicheko. Breki hakucheka. Ilimchoma, maana alianza kuona huenda ni kweli.

Hapo akatokea dobi mmoja, mgeni mtaani, kapu la nguo kiunoni. Alikuja kwa upande wa barabara, akasimama nyuma ya picha.

— Hamjambo? Huyu mama ni nani?

— Mama gani tena? Hayo matunda, bibie — alisema Wembe.

— Huku nyuma. Karatasi iliyomfunika imechanika. Kwani hamwajui wachoraji wenu? Turubai ni ghali, moja huchorwa pande mbili.

Breki akaigeuza, akaibandua karatasi yote. Walburga! Uso wa kijani, nywele zimefumuka, miguu peku, kaketi jikoni kwake mwenyewe, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Wembe akakohoa. Mama Achari akainamia kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Mke wangu huyo — alisema Breki polepole.

— Mzuri, mashallah! — alisema dobi. — Anacheka nini?

— Sijui — alisema Breki. — Miaka thelathini sijamwona akicheka hivi. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, nao wakatazama barabarani.