Mwalimu Roselyne Akumu na Majina Matatu ya Nusu

Ndugu waombolezaji, asanteni kwa kufika. Haya ni machache kuhusu maisha ya dada yetu, Mwalimu Roselyne Akumu Ochola, yanayosomwa na mdogo wake, Johnstone.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1960 huko Ugenya, Wilaya ya Siaya, akiwa kifungua mimba wa Mama Philister na marehemu Mzee Ojwang'. Alisomea huko huko mpaka kidato cha nne, kisha akajiunga na chuo cha ualimu. Mwaka wa 1983 serikali ilimleta Msambweni, huku pwani, naye hakuomba kuhamishwa tena.

Alifundisha hesabu katika shule ya msingi karibu na Munje. Wazazi walio hapa watalikumbuka somo la sehemu, desimali na asilimia, kwa kuwa ndilo lililowaliza watoto wao. Siku moja Muhsina, msichana wa darasa la sita, aliweka kalamu chini akalia.

"Mwalimu, nusu ni nusu. Mbona mara ni sifuri nukta tano, mara ni asilimia hamsini?"

Marehemu akamwuliza, "Kwenye rejista unaitwa nani?"

"Muhsina Shehe."

"Na mamako hukuitaje?"

"Muhsi."

"Na bibi yako?"

Mtoto akaona haya. "Huniita mke mwenza."

Darasa zima likacheka. "Basi hao ni wasichana watatu?"

"La, Mwalimu. Ni mimi."

"Haya. Futa machozi, ufanye hesabu ya pili."

Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Griffin Ochola, mhudumu wa hoteli huko Diani, ambaye alifahamiana naye katika kwaya ya kanisa hapa Ukunda. Mungu akawajalia Ashley na Jacktone.

Februari mwaka huu alipatikana na uvimbe kwenye titi, akapasuliwa Mombasa. Mwezi wa Mei daktari alisema tumaini la kupona ni asilimia ishirini. Walipofika nyumbani, Griffin alitamka tu, "Daktari amesema ishirini," akatoka uani. Mama, aliyekuwa amekuja nami kumwuguza, akainua mikono.

"Asante Mungu. Miaka ishirini! Watoto watakuwa wakubwa."

Marehemu ndiye aliyekwenda kuketi karibu naye.

"Si miaka, Mama. Ni asilimia. Wakiugua watu mia kama mimi, hupona ishirini. Yaani katika kila watano, mmoja."

Mama akauliza, "Na wale wanne?"

"Nao wana mama zao."

Chai ikamiminwa. Tukanywa.

Muhula wa pili alirudi darasani, akafundisha akiwa ameketi. Alifariki hospitalini asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 1998, Griffin akiwa amekwenda kumletea uji. Uji ulirudi nyumbani.

Aliomba azikwe hapa Ukunda. Wazee wa Ugenya, waliotaka arudishwe nyumbani, walikubali kwa shida. Mama hakubisha.

Marehemu ameacha mume wake, Griffin. Watoto wake, Ashley na Jacktone. Mama yake, Philister. Nami mdogo wake. Jana tulimwuliza Mama kama atasafiri nasi kesho kurudi Siaya. Alisema, "Nyinyi tangulieni. Mimi nitakaa naye kidogo."

Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali penye amani.