Mlinzi wa Ng'ambo ya Bonde: Maisha ya Mzee Tokuji Hatakeyama

Ndugu, majirani, na wote mliokanyaga theluji ya asubuhi hii kuja kumsindikiza, familia inawasomea maisha ya Mzee Tokuji Hatakeyama kama yeye mwenyewe alivyotaka yasomwe, na inaomba mtuvumilie, kwa kuwa anayesoma ni binti yake Sumie na sauti inaweza kumkatikia njiani.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1938 hapa hapa Nezawa, katika milima ya Akita, mtoto wa Mzee Isaburo, mchoma mkaa na mwindaji, na Bi Tome, na kati ya ndugu watano walipona wawili tu, yeye na mdogo wake Kiyo, aliyezaliwa mwaka 1943, ambaye marehemu alimbeba sana mgongoni hata wenzake wakamtania kwamba atazeeka ameinama.

Alianza shule ya msingi ya kijiji Aprili 1944, akamaliza sekondari ya chini Machi 1953, masomo hayakumkaa kichwani na hakuwahi kudai vinginevyo, na mwezi uliofuata akaingia kikosi cha wakata miti, alikofanya kazi mpaka alipostaafu Machi 1998.

Kuwinda dubu alianza majira ya kuchipua ya mwaka 1954, akianzia wanapoanzia wote, kwa wasukumaji, wale wanaopanda mlima kutoka chini wakipiga kelele ili dubu akimbilie juu kwa wenye bunduki, na mwaka 1966 akapewa kazi ngumu kuliko zote, ya kukaa peke yake ng'ambo ya bonde, mahali ambapo kichaka chote kinaonekana kama mkeka uliotandikwa, akiwaelekeza kwa kofia wenzake ambao humo ndani ya mianzi hawaoni hata viatu vyao, kofia kulia, dubu yuko kulia, kofia juu, simama ulipo. Mlinzi hapazi sauti, kwa sababu sauti ya ng'ambo humgeuza dubu, na kazi ya siku nzima ikaenda bure.

Tarehe 3 Novemba 1962 alimuoa Bi Fumi, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa Sumie mwaka 1964 na Yoshinori mwaka 1968, na mwaka 1965 mdogo wake Kiyo aliolewa na Genkichi Minato, mwindaji mwenzake, shemeji ambaye walitaniana naye kila walipokutana.

Kuanzia mwaka 1978 kulikuwa na dubu mmoja katika mianzi ya mahali paitwapo Kurosawa, mkubwa, mwenye akili, ambaye wawindaji walimwita Jirani, kwa kuwa wasukumaji walipopiga kelele hakupanda, alilala chini kimya, akawaacha wampite, kisha akarudi nyuma yao kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, na miaka mitatu mfululizo walirudi mikono mitupu na kijiji kizima kikawacheka. Ndipo marehemu akabuni mbinu yake, kwamba wasukumaji wapige kelele kama kawaida, halafu wanyamaze na kuketi, Jirani adhani wamekwisha kupita, ainuke kushuka kijitoni, na pale kwenye kijito, ndani ya mianzi yenyewe, awepo mtu mmoja na bunduki. Wazee walikataa, wakasema mtu hawekwi ndani ya kichaka, huwekwa mahali peupe anapoona mbele na nyuma, lakini Genkichi alikubali, na asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1981, wakifunga viatu, alimuuliza marehemu, "Shemeji, leo Jirani analala kwako au kwangu?" naye akajibu, "Kwako, si ndiye mnayekoroma naye sawasawa?"

Mbinu ilifanya kazi, na hilo ndilo lililomuuma mpaka mwisho. Jirani aliinuka, akashuka, ila hakushukia mbele ya Genkichi, alizunguka, akaja kwa nyuma, na mtu pekee duniani aliyeona hayo alikuwa marehemu, aliyeinua kofia, akaipunga, akaipunga tena, huku Genkichi akitazama kijito. Kutoka pale sauti ilifika vizuri kabisa, siku nyingine alikuwa akimwita shemeji yake kunywa chai kutoka jiwe lile lile, lakini hakuita, na maneno yake mwenyewe aliyotuandikisha ni haya: "Si kwa sababu ya sheria ya mlinzi. Nilimtaka yule dubu. Nilidhani Genkichi atageuka."

Genkichi alifariki kwa majeraha ya dubu siku hiyo hiyo wakimteremsha kwa machela ya matawi, akiwa na miaka arobaini, na Jirani hakuonekana tena. Jioni ile Kiyo alimuuliza mbele ya watu wote, "Kaka, wewe ulikuwa ng'ambo, hukumwona?" naye akajibu, "Ukungu, Kiyo. Ukungu ulishuka." Hakukuwa na ukungu. Wenye bunduki waliokuwa kileleni walijua, wakanyamaza, na kwa miaka arobaini na miwili, kila uvumi ulipozuka, Shangazi Kiyo ndiye aliyesimama na kusema kaka yake hasemi uongo.

Marehemu alirudisha bunduki Juni 1981, hakuwinda tena, hakula tena machipukizi ya mianzi, na kila Mei aliwafundisha watoto wa shule kupaza sauti wanapopita kichakani, "Pigeni kelele, aibu iko wapi?"

Aliugua mapafu kuanzia Oktoba 2023, na tarehe 18 Februari mwaka huu alituandikisha haya huku Shangazi akiwa jikoni, tukamwambia, "Baba, yuko hapo, mwite," naye akasema, "Mwache amalize kupika." Sisi wanawe tulikasirika na bado tumekasirika, maana alikuwa na mdomo wake mwenyewe. Alifariki tarehe 6 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka themanini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliozoa theluji mlangoni kwetu majira yote ya baridi, wenzake wa kikosi cha wakata miti, na wewe Shangazi Kiyo, uliyempikia uji kila asubuhi kwa miezi mitano, unayesikia haya leo kwa mara ya kwanza. Alitukataza kukuomba msamaha kwa niaba yake, nasi hatuombi. Mchana, mwili ukishachomwa na tutakapokuwa tunaiokota mifupa yake kwa vijiti kuitia chomboni, kama ilivyo desturi yetu, nafasi ya dada ni ya kwanza, na vijiti vyako viko tayari, lakini ukipenda kurudi nyumbani, Yoshinori amewasha gari nje, na hapa hakuna mtu atakayekuuliza kitu.

Baba, tumeshakusemea. Pumzika, kama utaweza.